Thomas Baines (1820–1875): Mchoraji aliyefukuzwa na Livingstone kwa tuhuma za sukari

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Katika historia tuliyosomeshwa darasani, David Livingstone hutembea peke yake. Anavuka Kalahari, anafika kwenye maporomoko ya Zambezi, anakutwa na Stanley pale Ujiji, anafariki kwa Chitambo, na mwili wake unabebwa hadi Bagamoyo. Wapagazi wake siku hizi wameanza kutajwa, na ni haki yao. Lakini wapo pia Wazungu aliowaajiri kisha akawatimua, na hao karibu hatuwasikii kabisa. Uzi huu unamhusu mmoja wao, mchoraji Mwingereza aitwaye Thomas Baines, ambaye kwa maoni yangu alitendewa isivyo haki, na ambaye picha zake ni miongoni mwa kumbukumbu bora tulizonazo za kusini mwa Afrika kabla kamera haijazoeleka.

Nitaandika kwa vipande, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Baines alizaliwa tarehe 27 Novemba 1820 katika mji wa King's Lynn, Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ni mji wa bandari, na baba yake alikuwa nahodha. Hakupita katika chuo chochote cha sanaa. Alipofika umri wa miaka kumi na sita hivi aliwekwa kwa fundi wa kupaka na kupamba magari ya farasi, afunzwe kazi. Hapo alijifunza kuchora nembo za familia za wakubwa kwenye milango ya magari hayo, kuvuta mistari myembamba iliyonyooka bila mkono kutetemeka, na kuchanganya rangi zinazohimili mvua na matope. Naomba msiichukulie kazi hiyo kuwa jambo dogo, kwa sababu imeacha alama katika kila alichochora baadaye. Ukitazama picha zake utaona kamba za jahazi zimefungwa kama baharia anavyozifunga, gurudumu la gari la maksai lina idadi sahihi ya mbao zake, na jani la mtende ni la mtende kweli. Upande wa pili, binadamu wake mara nyingi wamesimama kikakamavu kama sanamu za mbao, kwa sababu hakuna aliyemkalisha darasani kumfundisha mwili wa mtu ulivyoungana chini ya ngozi.

Mwaka 1842, akiwa na miaka 21, alipanda meli kwenda Cape Town. Huko alianza na kazi ileile ya kupaka na kupamba, na baada ya miaka michache akajitangaza kuwa mchoraji wa meli na wa sura za watu. Bandarini kazi hiyo ilikuwa na wateja, kwani nahodha aliyetia nanga alipenda kurudi kwao na picha ya chombo chake. Hata hivyo Baines hakuwa mtu wa kukaa pwani. Kuanzia 1848 alianza kusafiri bara kwa magari ya maksai, akavuka Mto Orange, na mwaka 1850 alijaribu kufika Ziwa Ngami, katika nchi ambayo leo ni Botswana, lakini hakufanikiwa.

Kisha vita vikaja. Baina ya 1850 na 1853 Waingereza na Waxhosa walipigana vita vya nane vya mpakani mashariki mwa Koloni la Cape, na Baines akachukuliwa kufuatana na kikosi cha Jenerali Somerset kama mchoraji rasmi. Ndiyo maana hutajwa miongoni mwa wachoraji wa vita wa mwanzo kabisa katika historia ya Afrika Kusini.

Nitaendelea.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nashukuru kwa mada. Ila nina swali kabla hujaendelea. Mtu aliyelishwa na jeshi la upande mmoja, picha zake za vita tunaziamini kwa kiasi gani?

#3 – Mleta mada

Swali lako ni la msingi. Jibu langu ni kwamba tuziamini kwa mambo fulani na tuzitilie shaka kwa mengine. Kuhusu umbo la kilima, aina ya kichaka, sare ya askari na namna magari ya maksai yalivyopangwa kambini, Baines ni shahidi makini. Kuhusu nani alikuwa na haki, picha zake haziwezi kutusaidia, kwa kuwa yeye alisimama nyuma ya bunduki za Waingereza na aliwaona Waxhosa kutoka huko. Mpiganaji wa Kixhosa katika picha hizo huwa mbali, ni kivuli kati ya miti, wakati askari wa Kiingereza yuko karibu kiasi cha kumhesabia vifungo. Sidhani kama alikusudia kudanganya. Alichora kutoka pale alipowekwa.

Jambo moja linalomtofautisha na wengi wa zama zake ni nidhamu ya tarehe. Alikuwa na tabia ya kuandika kwenye michoro yake ni mahali gani, siku gani, na nini hasa kinaonekana. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa penseli au rangi za maji, papo hapo, huku nzi na mbu wakimsumbua. Picha ya rangi za mafuta ilifuata baadaye, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, akiwa amekaa chini ya paa. Ndiyo maana wanahistoria wa leo wanaweza kuifuata safari yake karibu siku kwa siku.

Sasa tuendelee. Alirudi Uingereza mwaka 1853, na ujuzi wake ukaonekana na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia jijini London. Mwaka 1855 aliteuliwa kwenda na msafara wa mpelelezi Augustus Gregory kaskazini mwa Australia. Hapa naomba msome kwa makini: aliteuliwa kuwa mchoraji na mtunza stoo. Misafara ya namna hiyo haikuwa na fedha za kumlipa mtu achore tu. Kila mmoja alifanya kazi mbili au tatu. Baines akakabidhiwa unga, chumvi, risasi, kamba na dawa, na penseli akaitumia pale nafasi ilipopatikana.

Huko Australia mambo yalimwendea vizuri. Chakula kilipopungua na meli ya msafara ikawa haifai tena, yeye ndiye aliyeshughulika kutafuta chombo kingine na vyakula katika visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo), kisha akasafiri sehemu ya njia ya kurudi kwa mashua ya wazi, baharini, na watu wachache. Gregory alimpenda. Mto mmoja na mlima mmoja huko vina jina la Baines hadi leo. Kutokana na safari hiyo tunayo picha ya mwaka 1857 inayomwonyesha yeye mwenyewe na mwenzake wakimuua mamba kwenye Mto Victoria, mamba mkubwa kupita kiasi akiwa amejaza upande mzima wa mbele wa picha. Ni picha yenye majigambo kidogo, na mimi huifurahia kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo Livingstone alipoanza kutafuta watu wa msafara wake wa Zambezi, Baines alikuwa na sifa mbili mkononi: anachora, na anaaminika na stoo.

#4 – Mleta mada

Msafara wa Zambezi uliondoka Liverpool mwezi Machi 1858 kwa meli iliyoitwa Pearl. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetenga pauni 5,000. Wenzake Baines walikuwa hawa: kamanda wa majini Norman Bedingfeld, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, kijana mdogo wa jiolojia, Richard Thornton, fundi mitambo George Rae, na Charles Livingstone, mdogo wake kiongozi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona majina mawili anayopaswa kuyajua. Kirk ndiye baadaye alikuja Unguja, akawa konsuli wa Uingereza, na ndiye aliyekuwa mbele katika kumshinikiza Sultani Barghash atie saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Thornton naye mwaka 1861 alipanda na mpelelezi Mjerumani, Baron von der Decken, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akapima na kuchora ramani. Yaani kundi lile dogo lililobanana ndani ya stima moja lilisambaza watu wake hadi kwetu.

Stima yenyewe iliitwa Ma Robert, jina ambalo wenyeji walimwita mke wa Livingstone kwa kuwa mtoto wake wa kwanza aliitwa Robert. Ni desturi tunayoifahamu vizuri, ya Mama Fulani. Chombo hicho kilikuwa balaa. Kilivuja, kilikula kuni kuliko uwezo wa watu kuzikata, na kwa jinsi kilivyokuwa kikihema walikipachika jina la mgonjwa wa pumu. Baines alikichora mwaka 1859 katika picha ambayo kwangu ndiyo bora katika kazi zake za Zambezi: tembo ameingia kwenye maji ya kina kifupi ya Mto Shire, unaoingia Zambezi, mkubwa, wa kijivu kilicholowa, na nyuma yake ndiyo stima ile, ndogo kama kopo, ikitoa moshi huku watu waliomo wakimfyatulia risasi. Ukiangalia picha hiyo bila kusoma maelezo utadhani mchoraji yuko upande wa tembo.

Mwishoni mwa 1858 msafara uligonga ukuta. Livingstone alikuwa amewaahidi wakubwa London kwamba Zambezi ni njia ya majini ya kuingilia ndani ya Afrika. Kumbe juu ya Tete, mji wa Wareno katika Msumbiji ya leo, kulikuwa na maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo kuna bwawa la Cahora Bassa, na hakuna stima ambayo ingeweza kupita. Baines alichora miamba hiyo kwa uaminifu wake uleule, na kila mchoro ulikuwa kama ushahidi dhidi ya ahadi ya bosi wake. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya yaliyofuata. Nasema hali ya hewa ndani ya msafara ilikuwa imeshaharibika. Bedingfeld alikuwa ameshaondoka kwa ugomvi.

#5 – Mleta mada

Tukio lenyewe ni hili.

Mwaka 1859 Livingstone na Kirk walikuwa wakielekeza nguvu zao Mto Shire, na Baines akabaki Tete kwenye kituo cha Wareno, akilinda mali ya msafara. Alikuwa mgonjwa. Homa ilimrudia mara kwa mara, na zipo siku ambazo akili ilimpotea kabisa, asijue anachosema. Katika hali hiyo ndipo Charles Livingstone alipompelekea kaka yake mashtaka: kwamba Baines anagawa mali ya msafara kwa Wareno wa Tete, kwamba sukari imepungua, kwamba anatumia muda na vifaa vya kazi kuchora sura za Wareno. Mwezi Julai 1859 Livingstone alimwandikia barua ya kumwachisha kazi. Thornton alifukuzwa mwaka huohuo, kosa lake likiwa uvivu.

Hapa nitachomekea jambo langu binafsi, kisha nirudi kwenye mada. Miaka ya nyuma niliwahi kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Siku moja mifuko kumi na miwili ya saruji haikuonekana kwenye hesabu, nami nikaitwa mbele ya watu kueleza. Ilichukua wiki tatu kugundulika kwamba ilitolewa usiku kwa kibali cha mkubwa mmoja ambaye hakuona haja ya kujaza leja. Hakuna aliyenipa pole. Tangu hapo nikisikia mtunza stoo ametuhumiwa, huwa nauliza kwanza maswali matatu: nani mwingine alikuwa na ufunguo, kitabu cha kutoa na kupokea kilijazwa na nani, na mshtaki ana nini dhidi ya mshtakiwa.

Tuyaulize maswali hayo Tete. Mali ilikaa kwenye mji wa watu wengine, ikapakuliwa na kupakiwa kwenye mitumbwi mara nyingi, katika joto na unyevu unaoyeyusha sukari na mbele ya wadudu wasioheshimu leja. Mtunzaji alikuwa kitandani kwa homa sehemu kubwa ya wakati. Kituo kiliishi kwa hisani ya Wareno, na katika maisha ya namna hiyo kupeana vitu ni sehemu ya ujirani: leo anakuletea kuku na dawa, kesho unampa kidogo ulicho nacho. Mshtaki naye alikuwa mdogo wake kiongozi, mtu ambaye hakuelewana na karibu kila mwenzake katika msafara huo.

Baines aliomba kesi yake isikilizwe rasmi. Haikusikilizwa. Aliondoka Zambezi, akafika Cape Town, na huko marafiki zake wa zamani walimpokea bila kumtilia shaka.

#6 – Mchangiaji

Mleta mada, unaandika vizuri, lakini naona umevaa joho la wakili wa utetezi. Livingstone alikuwa na fedha ya serikali ambayo angetakiwa kuitolea hesabu. Kiongozi akiambiwa kwamba vitu vinapungua na asichukue hatua, lawama ni yake. Halafu mtu akikiri mwenyewe kwamba aliwapa watu vitu visivyo vyake, tofauti kati ya hisani na wizi inabaki wapi? Mimi sioni kwamba Livingstone alikosea kumwondoa. Labda alikosea namna.

#7 – Mleta mada

Ninakubali nusu ya hoja yako. Kumwondoa mtu kwenye stoo wakati hesabu hazikai sawa ni haki ya kiongozi yeyote, na huenda Baines, kwa ugonjwa na kwa moyo wake wa kukunjua mkono, hakuwa mtunza stoo mzuri pale Tete. Ningekuwa mimi ningempokonya funguo na kumwachia penseli. Ninachopinga ni kugeuza upungufu wa stoo kuwa doa la wizi katika jina la mtu, bila kumpa mahali pa kujibu, kisha kulipeleka doa hilo London kwa watu ambao ndio watakaompa au kumnyima kazi maisha yake yote. Thornton naye alifukuzwa, lakini baadaye Livingstone alimrudisha kazini, akafa kwa homa kule Shire mwaka 1863. Baines hakuitwa tena.

Niruhusu sasa nimfuate huko alikokwenda, maana hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

#8 – Mleta mada

Mtu mwingine angerudi Norfolk kupaka magari ya farasi. Baines alitaka kulikaribia eneo lilelile la Zambezi kutoka upande wa pili wa bara. Mwaka 1861 aliungana na mfanyabiashara na mwindaji James Chapman, wakaanzia Walvis Bay katika pwani ya Namibia ya leo. Mpango wao ulikuwa wa kijasiri hadi kuchekesha: wasafirishe mashua ya shaba iliyokatwa vipande, juu ya magari ya maksai, kupita jangwani, wakaiunge mtoni chini ya maporomoko makubwa, kisha waiteremshe Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Yaani wapite kwa maji hadi mlangoni kwa Livingstone.

Njiani, katika nchi ya Wadamara, Baines alikuta mmea wa ajabu usioinuka kutoka ardhini, wenye majani mawili tu yanayoendelea kukua maisha yake yote na kuchanikachanika kama utepe. Aliuchora na kutuma mchoro pamoja na vielelezo kwenye bustani za Kew, London. Huko mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alikuwa pia akipata habari za mmea huo kutoka kwa mtaalamu mwenzake, Friedrich Welwitsch, aliyeuona Angola mwaka 1859. Sayansi iliupa jina la Welwitsch, ingawa kwa kipindi fulani jina la Baines nalo lilibandikwa juu yake. Wakuu, huyu mtu hata kwa mimea alikuwa wa pili kwenye foleni.

Mwezi Mei 1862 walipita kwenye ukingo wa bonde la chumvi la Kudiakam, ndani ya hifadhi ambayo leo ni Nxai Pan, Botswana. Hapo walikuta kundi la mibuyu imesimama pamoja juu ya mwinuko mdogo, mmoja umelala kwa kuegemea lakini bado unachipua. Baines alifungua vifaa vyake akaichora. Mibuyu hiyo bado ipo. Watalii huenda na nakala ya picha mkononi, wakasimama pale aliposimama, wakalinganisha tawi kwa tawi, na matawi yanakubaliana, kwa sababu mbuyu hauna haraka na Baines hakuwa mtu wa kubuni matawi. Inaitwa Mibuyu ya Baines.

Tarehe 23 Julai 1862 walifika kwenye maporomoko. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na sisi wenye Kiswahili hatuhitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Livingstone aliyafikia mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wake. Baines ndiye mchoraji wa kwanza kuyachora kwa mkono wa fundi. Pana urefu wa kilomita 1.7 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na maji huanguka zaidi ya mita 100 ndani ya mpasuko mwembamba, hivyo kwamba hakuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kusimama na kuyaona yote. Alichofanya Baines ni kuzunguka. Alichora kutoka upande huu, akahama, akachora tena, asubuhi jua likichomoza nyuma ya wingu la mvuke, mchana upinde wa mvua ukiwa umekaa ndani ya shimo.

Picha moja inaonyesha kundi la nyati waliokurupushwa hadi ukingoni kabisa. Wameshikwa kati ya mitende na utupu, wa mbele wamesimamisha miguu wakijaribu kurudi, wa nyuma bado wanasukuma, na ng'ambo yao maji yanaanguka meupe bila kujali. Hapa yule fundi wa milango ya magari ya farasi amefika mbali. Kila jani limehesabiwa kama kawaida yake, lakini safari hii kuna hofu ndani ya picha.

Mashua ya shaba haikufika baharini. Walijenga kambi chini ya maporomoko, mahali walipopaita Logier Hill, wakaanza kuiunga, lakini maradhi na upungufu wa chakula na watu viliwalazimisha kugeuza magari.

#9 – Mchangiaji

Samahani mleta mada, nimesoma mahali kwamba Chapman alikuwa na kamera katika safari hiyo. Kama kamera ilikuwepo, kwa nini tumsifie mchoraji kwa kuwa wa kwanza? Picha za Chapman ziko wapi?

#10 – Mleta mada

Kamera ilikuwepo kweli, na zipo picha za Chapman za sehemu nyingine za safari. Kwenye maporomoko ndiko alikoshindwa, na sababu yake inaeleweka ukijua kazi ilivyofanyika. Kwa njia iliyoenea wakati huo, mpiga picha alitakiwa kumwagia kioo dawa ya kunata, akitumbukize gizani kwenye maji yenye dawa ya madini ya fedha, akiweke ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, apige, kisha akimbilie hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Fanya hayo katika joto na vumbi la njia za magari ya maksai, na dawa zilizosafirishwa miezi mingi, halafu simama mbele ya maporomoko yanayorusha manyunyu kama mvua. Penseli haina masharti hayo. Ikilowa karatasi, unasubiri ikauke unaendelea. Ndiyo maana watu wa Ulaya waliyaona maporomoko yale kwa mara ya kwanza kupitia mkono wa Baines, katika albamu ya picha za rangi iliyochapwa London mwaka 1865.

#11 – Mleta mada

Nimalizie maisha yake, ingawa sehemu hii nitapita haraka kwa sababu inamhusu zaidi mtafuta dhahabu kuliko mchoraji.

Alipokuwa London baada ya 1865 aliishi kwa kutoa mihadhara, kuandika, na kuchorea vitabu vya wengine, kikiwemo cha mwanasayansi Alfred Russel Wallace kuhusu visiwa vya Malaya kilichotoka mwaka 1869. Mwaka huohuo alirudi Afrika Kusini akiongoza msafara wa kampuni moja ya London iliyotafuta dhahabu katika nchi ya Wandebele na Washona. Lobengula, mfalme mpya wa Wandebele, alimpa ruhusa ya kuchimba, kwanza kwa mdomo mwaka 1870, kisha kwa maandishi mwaka 1871. Kwa kumbukumbu nyingi Baines alikuwa muungwana mbele ya mfalme, lakini tusijidanganye: karatasi hiyo ilikuwa hatua moja katika njia ambayo mwaka 1888 ilileta mkataba wa Rudd wa haki za madini na, baada yake, watu wa Cecil Rhodes na bunduki zao. Brashi ya Baines na karatasi ya Baines zilisafiri katika gari moja.

Kampuni ikamwishia fedha, naye akabaki na madeni na ramani. Mwaka 1873 alifuatana na Theophilus Shepstone, afisa wa Kiingereza wa koloni la Natal, kwenda kutawazwa kwa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, akachora. Mwaka huohuo Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtunukia saa ya dhahabu kwa utumishi wake wa muda mrefu, na ni mwaka huohuo pia Livingstone alifariki. Baines alikuwa akijiandaa kurudi tena kwenye nchi ya dhahabu alipougua kuhara damu. Alifariki Durban tarehe 8 Mei 1875, akiwa na miaka 54, na akazikwa hapo. Kitabu chake kuhusu maeneo ya dhahabu kilitoka miaka miwili baada ya kifo.

#12 – Mchangiaji

Mkuu, darasa limeeleweka. Swali la mwisho: je, Livingstone aliwahi kumwomba radhi au hata kufuta tuhuma zile? Na picha zenyewe anayetaka kuziona anazipata wapi?

#13 – Mleta mada

Hakuzifuta. Alikwenda nazo kaburini.

Kuhusu picha, zimetawanyika kama safari zake zilivyotawanyika. Nyingine ziko Johannesburg, nyingine katika nyaraka za taifa za Zimbabwe, nyingine Canberra, nyingine Kew. Fungu kubwa liko kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, Kensington, London, na nyingi unaweza kuziona mtandaoni bila malipo. Yule tembo wa Mto Shire yupo hapo. Kama kuna mwanajukwaa anayeishi London, apite siku moja. Kwenye ukuta wa nje wa jengo hilo, ndani ya shimo lililochongwa ukutani, imesimama sanamu ya David Livingstone ikitazama barabara. Picha za mtunza stoo wake ziko ndani.